Cheni, magunia au upepo? Kuchagua kifaa cha kukutoa matopeni (na kwenye theluji)

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na safari hii sababu si kazi tu. Wengi mmezoea kukuta hapa mambo ya programu, hifadhidata na simu, lakini leo nataka tuzungumze kuhusu matairi. Msikimbie. Mwishowe mtaona kwamba ni mada ile ile ya kila siku: namna ya kuchagua chombo kinachofaa kwa tatizo lililoko, si kwa tatizo uliloliona kwenye video.

Mwanzo wake ni huu. Ninaishi Chepkoilel, nje kidogo ya Eldoret, upande wa barabara ya kwenda Ziwa. Chuo kilichokuwa bewa la Chuo Kikuu cha Moi na kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013 kiko papa hapa, na wengine bado tunapaita Chepkoilel tu. Lami inapita hapo mbele. Ila kutoka kwenye lami hadi kwangu ni kama kilomita tatu za changarawe na udongo mwekundu, katikati ya mashamba ya mahindi. Kiangazi ni vumbi. Mvua zikianza Machi, na hasa Agosti, ni sabuni.

Usiku mmoja wa mwezi wa nane, saa saba na nusu, jirani yangu akagonga dirisha. Yeye ni mwendesha bodaboda. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu, na mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni. "Kijana wa kompyuta, gari lako lina mafuta? Pikipiki haiwezi kumbeba mama hivi." Nikamwambia lina mafuta, na kwa kujiamini kabisa nikaongeza, "Na nina cheni." Cheni za theluji, mpya, nilizoagiza mtandaoni miezi minane kabla yake baada ya kusoma usiku kucha maoni ya watu wa nchi za baridi. Zilikuwa kwenye buti, bado ndani ya mfuko wake.

Tuliteremka vizuri hadi kwenye kalvati. Kupanda upande wa pili, gari likaanza kutafuta shimo la kulala. Magurudumu ya mbele yakazunguka, likaserereka ubavu, likatulia kwenye mfereji wa tairi la trekta. Nikatoka kama mtaalamu, nikafungua mfuko wa cheni. Ndipo nikagundua mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, maelekezo yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Pili, cheni huvishwa kabla ya kukwama. Tairi likishazama nusu hakuna nafasi ya kupitisha kitu chini yake. Tatu, jeki isiyowekewa ubao chini huzama yenyewe kwenye matope huku gari likibaki pale pale.

Nilipigana na zile cheni kwa dakika arobaini, tochi ya simu mdomoni. Upande mmoja ulishika, wa pili ulikuwa umelegea. Nilipotia gia, ule uliolegea ukapiga madigadi mara mbili, ukakatika, ukaruka gizani. Sijauona hadi leo.

Aliyetutoa alikuwa mzee mmoja wa jirani aliyewahi kuendesha lori miaka mingi. Alikuja na watoto wake, magunia matatu ya mahindi matupu na jembe. Akaangalia, akauliza swali moja tu: "Kijana, chini kuna nini?" Sikumwelewa. Akachukua fimbo akachoma matope mbele ya tairi. Ilizama zaidi ya shubiri na haikugonga kitu kigumu. "Hapa cheni itachimba kisima. Toa upepo." Tukapunguza upepo magurudumu ya mbele, tukachimba mteremko mdogo mbele ya kila tairi, tukatandika magunia, watu wanne wakasukuma. Gari likatoka kana kwamba halikuwahi kukwama.

Tulifika hospitali ya rufaa mjini tukiwa na tope hadi masikioni. Mtoto alizaliwa kabla sijamaliza kutafuta mahali pa kuegesha. Wa kike, mzima, na mama mzima. Jina halikuhitaji kikao: kwetu msichana anayezaliwa mvua ikinyesha ni Cherop. Lakini zile dakika arobaini zimenikaa kifuani. Zingeweza kumgharimu mtu maisha, na zilitokana na mimi kuamini kifaa ambacho sikuwahi kukijaribu. Ni kama nakala rudufu ya data ambayo hujawahi kuirejesha hata mara moja: huna nakala, una matumaini.

Kwa hiyo nimesoma, nimejaribu mchana kwenye matope yale yale, na nina msimamo. Msimamo wangu ni kwamba wengi wetu tunanunua vitu kwa mpangilio wa kinyume. Tunaanza na gari kubwa, tukimaliza tunafikiria tairi, na upepo hatuufikirii kabisa. Ingepasa kuwa kinyume chake.

Theluji, mvua ya mawe na matope ni ndugu

Kuna atakayesema, cheni za theluji na Uasin Gishu wapi na wapi? Nakubali, theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya. Lakini barabara nyeupe tunazijua. Septemba 2008 watu wa kijiji cha Busara, karibu na Nyahururu, waliamka kuona kilima kizima kimefunikwa na barafu, wengi wakaamini ni theluji. Na ukipita Timboroa, ambako kituo cha reli kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, mvua ya mawe inaweza kukufanyia lami nyeupe katika dakika kumi ukiwa na matairi ya kawaida na abiria wanaokuuliza mbona umepunguza mwendo.

Cha kushangaza ni kwamba hata cheni zenyewe zina asili ya matope. Aliyepata hataza yake ni Harry Weed wa Canastota, jimbo la New York, mwaka 1904. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuona madereva wa wakati ule wakizungushia matairi kamba na mizabibu ili wapite kwenye matope na theluji. Yaani alichofanya ni kuchukua ujanja wa mtu aliyekwama na kuuandika kwa chuma.

Angalia pia ubavu wa tairi lako. Ukiona herufi M+S, maana yake ni matope na theluji. Lakini hadhari: alama hiyo inahusu umbo la meno ya tairi tu, mtengenezaji hujiandikia bila kuthibitisha kwa majaribio ya theluji. Alama inayothibitishwa kwa majaribio ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Walio ughaibuni tafuteni hiyo.

Na sisi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani, tusome vizuri. Baadhi huja yakiwa na matairi ya baridi ya kule, yameandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili usigande kwenye baridi. Kwenye lami yetu yenye jua huisha upesi, na yakiisha kidogo tu ule uwezo wa theluji unakuwa umekwenda. Soma pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Nimewahi kuuziwa tairi "jipya" lililokuwa na umri wa mtoto wa darasa la pili.

Swali la mzee kwa lugha ya hesabu

"Chini kuna nini?" Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba mzee alikuwa amefupisha fani nzima. Mfaransa Coulomb aliyaandika mambo ya nguvu ya udongo karne ya 18, na Mieczysław Bekker, Mpolandi aliyehamia Kanada kisha Marekani, akayajenga kuwa elimu ya magari na ardhi katika karne ya 20. Huyo Bekker ndiye aliyeshiriki kubuni gari la mwezini lililotumika mara ya kwanza na Apollo 15 mwaka 1971. Magurudumu yake hayakuwa na upepo kabisa. Yalikuwa wavu wa nyaya za chuma wenye vipande vya titani juu yake. Kwa kifupi, yalikuwa karibu na cheni bila tairi.

Kanuni ni fupi. Nguvu ya juu kabisa ambayo ardhi inaweza kulipa tairi lako ina sehemu mbili zinazojumlishwa:

1. Eneo la tairi linalogusa ardhi, mara ushikamano wa udongo wenyewe.
2. Uzito ulio juu ya tairi, mara msuguano wa ndani wa udongo.

Mchanga mkavu hauna ushikamano, kwa hiyo sehemu ya pili ndiyo inayokubeba. Udongo wa mfinyanzi uliolowa chepe ni kinyume: msuguano wake wa ndani unakaribia sifuri, ulichobaki nacho ni ushikamano mara eneo. Ndiyo maana ile tabia yetu ya kuita watu wakae juu ya boneti ili "kuongeza uzito" husaidia sehemu moja na kukuzamisha sehemu nyingine. Kwenye mfinyanzi mlaini uzito hauongezi chochote ila kina cha shimo.

Sasa tazama upepo unafanya nini. Kwa kukadiria, shinikizo la tairi kwenye ardhi linafanana na shinikizo la upepo ulio ndani yake. Gurudumu lenye mzigo wa kilo 300 na upepo wa PSI 33 hugusa ardhi kwa sentimita za mraba kama 130. Shusha hadi PSI 18, eneo linafika kama 235. Karibu mara mbili, na hujatumia shilingi hata moja. Katika kazi yangu nikipata maboresho ya aina hiyo kwa kubadilisha mstari mmoja, naita watu waje waone.

Na cheni? Hazifuati sehemu hizo mbili vizuri, kwa sababu kazi yake ni kupenya. Hukata ule utando wa juu ulio kama siagi na kukamata kitu kigumu kilicho chini. Barabara ya changarawe iliyonyeshewa mara nyingi ina kitanda kigumu chini ya sentimita tatu au nne za uji. Hapo cheni ni mfalme. Theluji au mvua ya mawe juu ya lami, vivyo hivyo. Lakini pale ambapo hakuna kitanda, kama njia ya trekta shambani, bonde lenye chemchemi, au ule udongo mweusi unaopasuka nyufa kiangazi, cheni ni jembe la kuzunguka kwa injini. Litachimba hadi gari likae kwa tumbo.

Basi kanuni yangu nimeiandika kwa wino kwenye kifuniko cha buti: pana chini, vaa cheni, hapana chini, panua unyayo. Fimbo ndiyo kipimo. Ikigonga kigumu kabla ya kufika upana wa kiganja, kuna chini.

Vifaa vyenyewe, kimoja kimoja

*Kipima upepo na pampu ndogo ya umeme.* Naviweka vya kwanza. Pampu huchomekwa pale pa kiberiti cha sigara. Bila pampu hutathubutu kupunguza upepo, kwa sababu utaendeshaje hadi mjini ukiwa na PSI 18? Ukiendesha kasi hivyo ubavu wa tairi unapata moto na kupasuka, na kwenye kona tairi linaweza kuachana na rimu. Punguza, toka polepole, simama kwenye ardhi ngumu, jaza tena. Usishuke sana chini ya 18 kwa gari dogo.

*Tairi zenye meno.* Kila kifaa kinakaa juu ya tairi. Ulaya kiwango cha chini cha kina cha meno kisheria ni milimita 1.6, kwa barabara zetu za matope hicho tayari ni kipara. Tairi la kawaida lenye meno kamili hulishinda tairi kali la matope lililokwisha, na ni rahisi kulipata. Ukipita matopeni mara mbili kwa juma, nunua la matumizi mchanganyiko. Lile la matope tupu litakupigia kelele kwenye lami na kushika vibaya lami ikilowa, na ukweli ni kwamba wengi wetu tunatumia lami zaidi.

*Mbao za kujikwamua, au magunia.* Zipo za plastiki ngumu zenye meno, na zipo mbao ambazo fundi wa jua kali anaweza kukupigilia vipande vya chuma juu yake. Hizi ndizo dawa ya mahali pasipo na chini, maana zinapanua unyayo. Chimba kwanza mteremko mbele ya tairi, sukuma ubao uingie chini ya tairi lenyewe, halafu kanyaga mafuta kidogo sana. Gunia la katani au la mkonge hufanya kazi. La plastiki huteleza na kutupwa nyuma kwa kasi, kwa hiyo asisimame mtu nyuma ya gari. Mabua ya mahindi yaliyofungwa mafungu pia yanasaidia, na Uasin Gishu hatuna upungufu wa hayo.

*Cheni.* Mambo ya kuangalia ni haya. Ukubwa lazima ulingane na tairi lako kamili, si na rimu tu. Tairi la 175/65 R14 lina upana wa milimita 175, ubavu wa asilimia 65 ya huo, yaani kama 114, na rimu ya inchi 14. Kipenyo chote ni kama milimita 583. Tairi jingine la R14 linaweza kuwa kubwa zaidi kwa sentimita nne, na cheni yako itabaki pengo. Kosa langu lilianzia hapo: nilisoma 14 nikaacha mengine.

Angalia pia nafasi kati ya tairi na madigadi, na kati ya tairi na bomba la breki. Magari madogo yanahitaji cheni nyembamba, zinazoitwa daraja S kwa viwango vya Marekani. Umbo la ngazi linavuta vizuri mbele na kujisafisha tope, ila linaruhusu kuteleza ubavu. Umbo la almasi linashika pande zote lakini huziba haraka kwenye mfinyanzi. Kwa barabara yetu nachagua ngazi.

Vaa kwenye magurudumu yanayozungushwa na injini: magari mengi madogo ni ya mbele, pikapu nyingi ni za nyuma. Vaa kabla ya mahali pabaya. Endesha mita hamsini, simama, kaza tena. Usizidi kilomita 50 kwa saa, na ukifika kwenye lami kavu, vua. Cheni kwenye lami inakula tairi, inakula lami, na inakula yenyewe.

*Soksi za tairi.* Ndiyo, zipo. Ni kitambaa cha kuvisha tairi zima, na Wanorwe ndio waliozipa umaarufu. Kwa theluji na barafu juu ya lami ni nzuri mno na mtu mmoja anazivisha kwa dakika chache. Kwa changarawe zinachanika kama soksi za kawaida. Binamu yangu aliye Minnesota, ambako matairi yenye misumari yamepigwa marufuku kwa wakazi, aliniuliza anunue nini. Jibu langu kwake lilikuwa tofauti kabisa na la kwangu: tairi halisi za baridi kwanza, kwa sababu mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, halafu soksi kwenye buti kwa ajili ya ile theluji isiyotangazwa. Mazingira tofauti, jibu tofauti.

*Vifungo vya plastiki.* Mmeona video: mtu anafunga tairi kwa vile vikamba vya kufungia nyaya na gari linatoka. Nilijaribu vinane. Vilikatika vyote kabla tairi halijamaliza mzunguko wa tatu, na nikakaa nusu saa kuokota plastiki shambani kwa watu. Acheni.

*Kusubiri.* Hiki hakiuzwi, kwa hiyo hakuna anayekitangaza. Mvua ya mawe juu ya lami huku kwetu kwa kawaida huyeyuka ndani ya muda mfupi. Punguza mwendo mapema bila kukanyaga breki ghafla, toka nje ya barabara, washa taa za hadhari, usiegeshe chini ya mti. Kwa Timboroa mimi sinunui kifaa chochote. Nanunua chai.

Wanaonipinga

Rafiki zangu wa kwanza wanasema: nunua gari la magurudumu manne. Ni kweli linasaidia, kwa kuwa matairi manne yanavuta badala ya mawili. Lakini halibadilishi kile ambacho kila tairi linaweza kushika. Halisaidii breki hata kidogo, maana kila gari lina breki magurudumu manne tayari. Tena linakufikisha mbali zaidi kabla ya kukwama, mahali ambapo hakuna mzee mwenye magunia. Miaka ya 1963 na 1968 mashindano ya Safari yaliyofanyika Pasaka kwenye matope yalimalizwa na magari saba tu kila mwaka, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff kwenye Peugeot 404, gari la magurudumu mawili ya nyuma ambalo watu walikwenda nalo sokoni. Ustadi na uvumilivu ulishinda.

Wa pili wanasema: unatufundisha kuvumilia ubovu, dai lami. Hawa nawaheshimu zaidi. Sehemu kubwa ya barabara za nchi hii bado haina lami, na hakuna cheni itakayofidia kalvati lililoachwa likizibwa na takataka mwaka baada ya mwaka. Maji yanayokosa mfereji ndiyo yanayozalisha tope. Mitaro ikifukuliwa Februari, nusu ya makala hii haina kazi. Mimi ninahudhuria baraza na kudai. Lakini mama mwenye uchungu saa saba usiku hawezi kusubiri zabuni. Tudai lami kwa mkono mmoja na kushika jembe kwa mkono mwingine. Waliokuja kwenye nyanda hizi mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Nakuru walikaa njiani wiki nyingi. Karne imepita na ushee, tusikubali hiyo iwe hali ya kudumu.

Wa tatu wanasema: majirani wapo, ya nini vifaa? Majirani ndio walionitoa, siwezi kubisha. Ila wale watu walitoka vitandani kwenye mvua kwa sababu mimi sikujiandaa. Jirani awe wa mwisho kuitwa, si wa kwanza.

Kilichomo kwenye buti langu sasa

Kipima upepo na pampu. Fimbo ya kupimia, nimeichonga alama ya kiganja. Jembe lenye mpini mfupi. Magunia mawili ya katani. Ubao wa kuweka chini ya jeki, kipande tu cha mbao nene cha ukubwa wa kitabu. Kamba ya kuvutia, na kulabu yake nimeshajua inafungwa wapi kwenye gari. Tochi ya kichwani, ili simu ibaki kwa kupiga. Glavu. Na jozi mpya ya cheni za ngazi, safari hii za ukubwa kamili. Vyote pamoja, ukiacha cheni, havikufika bei ya tairi moja jipya.

Na kitu cha mwisho hakikai kwenye buti. Jumamosi ya kwanza baada ya tukio nilienda pale pale kwenye kalvati mchana kweupe, jirani yangu wa bodaboda akishika saa ya simu. Kuvisha cheni mara ya kwanza: dakika 26. Mara ya nne: dakika 9. Kisha akanifunga macho kwa leso ili tuige giza, nikatumia 14, na watoto wa pale wakacheka hadi wakakaa chini. Sasa yeye mwenyewe anaweza kuzivisha, hata kama mimi sipo. Funguo za gari anajua zilipo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Kabla ya kununua chochote, chukueni fimbo mwende kwenye sehemu mbaya ya njia yenu, mkachome, mjue chini kuna nini. Halafu mjaribu kupunguza upepo. Mkishafanya hayo mawili ndipo mzungumze na muuzaji.

Nikirudi nitaendelea na ile hadithi ya hifadhidata niliyoahidi. Wenye uzoefu wa Kinangop, Molo, Njombe au kule Kigezi kwenye vilima vya utelezi, niambieni ninyi hutumia nini, na hasa niambieni nimekosea wapi. Cherop hajambo, ameanza kutambaa, na barabara bado ni ile ile.